Wifi yangu amenishtaki kwa deni: nijibu kortini au ninyamaze?

Assalaam alaikum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni kupikia watu shughuli: harusi, hitima, maulidi, na mikutano ya ofisi inapotokea. Nina karatasi mbele yangu ambayo sijui niifanye nini, na kila ninayemuuliza ana lake.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alinikopesha shilingi 300,000 ninunue masufuria makubwa ya biriani, majiko mawili ya gesi na friza. Hatukuandikiana chochote. Pesa zilipitia benki, tukapeana mkono mbele ya mavyaa yangu, na sharti likawa nilipe kidogo kidogo kadiri kazi zinavyoingia, bila faida yoyote. Nikaanza kulipa. Kwa M-Pesa nimeshamtumia jumla ya 95,000. Nyakati nyingine wateja waliponilipa taslimu nilimkabidhi mavyaa amfikishie bintiye, kwa kuwa wanakaa nyumba moja, na kwa hesabu yangu hizo zinafika 40,000.

Baadaye wifi akamwoza binti yake. Siku tuliyokaa kupanga mambo ya chakula nilimuuliza atanilipa vipi, naye akacheka, akanishika mkono na kuniambia, "Wewe pika, mambo yetu tutayajua wenyewe." Nilielewa kuwa kazi hiyo itakatwa kwenye deni. Nikapika biriani ya mbuzi ya watu wasiopungua 300, na sambusa, na kachumbari, na maji ya ukwaju, nikalipa vijana wa kunisaidia, tukakesha jikoni hadi alfajiri. Kazi ya namna hiyo kwa mteja wa nje siifanyi chini ya 120,000.

Miezi michache baada ya harusi akaanza kunidai. Wakati huo mavyaa alikuwa amelazwa hospitali na sikutaka maneno, kwa hiyo nikamwandikia kwa WhatsApp: "Wifi nisamehe, nitazilipa zote hizo laki mbili na elfu tano, nipe muda tu, in shaa Allah." Moyoni nilijua hazifiki hizo.

Sasa wiki iliyopita nambari nisiyoijua imeniletea faili kwa WhatsApp. Mtu huyo amejitambulisha kuwa mpeleka samansi. Nimefungua, nikakuta ni samansi ya Mahakama ya Madai Madogo: wifi ndiye mdai, mimi ndiye mdaiwa, na anataka 205,000 pamoja na gharama za kesi. Mume wangu anasema karatasi ya simu si samansi, hakuna mahali nilipotia sahihi, niipuuze kwa sababu dadake ananitisha tu. Mavyaa anasema nikijibu kortini nitakuwa nimemwita bintiye mwongo mbele ya walimwengu, afadhali twende kwa kadhi kwa kuwa sote ni Waislamu. Mwenzangu mmoja wa sokoni ananiambia nichukue mikopo ya simu nilipe yote nipumzike. Naogopa madalali watakuja kubeba masufuria ninayowalishia watoto, na kuna aliyeniambia kuwa naweza hata kulala gereza la Shimo la Tewa.

Sikatai kuwa nadaiwa, ila hesabu yake siyo. Nikijibu naharibu nyumba, nikinyamaza naharibikiwa mimi. Nisaidie.

Aliyekwama, Kisauni

MSHAURI ANAJIBU

Wa alaikum salaam dada yangu, na pole kwa uzito huu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonigusa ni kwamba kila mtu aliyekushauri anakutaka ufanye jambo litakalompunguzia yeye wasiwasi. Mume wako hataki kusimama baina yako na dada yake. Mavyaa hataki jina la bintiye litajwe kortini. Mwenzako wa sokoni anakuonea huruma, anataka uishe msiba leo. Wote huenda wanakutakia heri, lakini hakuna hata mmoja atakayeulizwa na mahakama.

Kwa jinsi nilivyokuelewa, una mambo mawili yaliyoshikana, na yafaa tuyaachanishe. Moja ni deni lenyewe: ni kiasi gani kimebaki, na utakilipa vipi. La pili ni ukoo: je, mtu anaweza kujibu kesi ya wifi yake bila kuvunja nyumba? Hofu ya hili la pili ndiyo inayokuzuia kulitazama la kwanza, na kwa bahati mbaya la kwanza ndilo lenye tarehe.

Nianze na karatasi ya simu, maana hapo ndipo ushauri wa mume wako unaponitia hofu zaidi. Tangu mwaka 2020 kanuni za mwenendo wa kesi za madai nchini Kenya zinaruhusu samansi ipelekwe kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe za simu. Kutotia sahihi hakukupi kinga, na alama mbili za buluu zinazoonyesha kuwa ujumbe umesomwa zinaweza kuwekwa mbele ya mwamuzi. Ikiwa una shaka kuwa ni ya kweli, peleka nambari ya kesi iliyoandikwa juu ya samansi kwenye masjala ya mahakama, uulize. Ni swali la dakika chache, nao huulizwa kila siku.

Mahakama hii ina mwendo wa haraka kuliko tulivyozoea kesi za Kenya kwenda. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikafungua milango Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, kisha ikaenezwa katika miji mingine, na husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mdaiwa hupewa siku 15 tangu apokee samansi ili awasilishe majibu yake, na kesi nzima inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Usipojibu, mdai anaweza kuomba hukumu itolewe bila wewe kusikilizwa, na hukumu hiyo itakuwa ya 205,000 kamili, kwa kuwa hakuna aliyeieleza mahakama hesabu nyingine. Ni kweli kuwa hukumu ya namna hiyo inaweza kuombewa kutenguliwa, lakini utatakiwa kueleza kwa nini hukujibu, na "niliambiwa niipuuze" ni maelezo dhaifu sana. Kwa hiyo, kati ya njia zote ulizotajiwa, kunyamaza ndiko kunakofunga nyingine zote.

Unasema kuwa mume wako anaamini dadake anakutisha tu. Hukuniambia kama amezungumza naye. Huenda amezungumza, huenda anaona haya, huenda kuna jambo baina yao ambalo wewe hulijui. Kabla hujakata shauri ningependa umuulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama yuko tayari kumpigia dada yake simu, au kama kukwambia upuuze ni namna yake ya kukwepa simu hiyo. Jibu lake litakusaidia kujua kama una mtu wa kukaa nawe upande mmoja wa meza.

Kuhusu kadhi, mavyaa ana nia njema lakini mlango alioutaja sio. Katiba inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Deni la masufuria halimo. Usuluhishi nje ya mahakama, hata hivyo, unaruhusiwa, na sheria ya Mahakama ya Madai Madogo yenyewe inautambua. Mnaweza kukaa na mzee mnayemheshimu au imamu wa msikiti wenu, mkakubaliana, mkaandika, mkatia sahihi, na makubaliano yakapelekwa kortini yakawa amri ya mahakama. Hatari yake ni moja tu, nayo ni kubwa: mazungumzo ya kifamilia hayasimamishi zile siku 15. Watu wengi wameketi kwenye jamvi wakisuluhishwa huku muda ukiwapita. Unaweza kuwasilisha majibu na bado ukaenda kwenye kikao jioni hiyohiyo.

Mavyaa anahisi kuwa kujibu ni kumwita bintiye mwongo. Hapa naomba tusimame kidogo. Majibu ya madai ni fomu. Ndani yake unaweza kuandika: nakubali kuwa nilikopeshwa 300,000, nakubali kuwa bado nadaiwa, naomba malipo fulani yahesabiwe. Maneno hayo hayamtukani mtu. Na kwa kuwa nyote ni watu wa dini, mavyaa hatakosa kujua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Nyinyi mlikwepa karatasi kwa kuoneana haya, na ndiyo maana leo mmeipata kutoka masjala.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wifi anadai 205,000, yaani 300,000 ukitoa 95,000. Maana yake ni kwamba ameyakubali malipo yako yote ya M-Pesa. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwani halionyeshi mtu aliyekusudia kukudhulumu. Kwa hesabu yako wewe zimebaki 45,000. Kinachowatenganisha ni 160,000, nazo zimegawika mafungu mawili tu: zile 40,000 za mkononi, na karamu.

Fungu la kwanza lina shahidi mmoja, naye ni mavyaa. Sijui kama umelifikiria hili. Huenda anapinga usijibu kwa sababu ya heshima ya ukoo, kama anavyosema, na huenda pia anaogopa kuitwa aseme mbele ya bintiye kuwa alipokea pesa, au pengine alizitumia kwa dawa na kitoweo akidhani mtayamaliza wenyewe. Simtuhumu, na nakuomba nawe usimtuhumu. Muulize tu faraghani, bila ya kumtega: zile pesa ulimfikishia? Kisha pekua simu yako utafute ujumbe wowote ambao wifi alikuandikia "nimepata" au "mama amenipa". Ukiupata, huenda usihitaji kumsimamisha mzee. Usipoupata, utakuwa na uamuzi mgumu: kumwita, au kuziacha hizo 40,000 zikupite ili umwepushie. Wapo watakaokuambia usisamehe hata shilingi, na wapo watakaosema radhi ya mavyaa ina thamani zaidi. Wewe ndiye unayeishi naye.

Fungu la pili ni gumu zaidi, na naomba uvumilie nikuulize mambo ambayo barua haikuyasema. Ni nani aliyenunua mbuzi, mchele na samli? Ikiwa ulinunua wewe kwa pesa zako, ni vigumu mtu kuamini kuwa ulikusudia zawadi ya kiasi hicho ilhali unadaiwa, na risiti za duka na za machinjioni zitakusemea. Ikiwa alinunua wifi na wewe ukatoa kazi yako na vijana wako, basi 120,000 huenda ni bei ya shughuli nzima ambayo mteja wa nje hulipa pamoja na vyakula, na mwamuzi atakuuliza kazi peke yake ina thamani gani. Kuwa na jibu la haki kabla ya kuulizwa.

Halafu kuna yale maneno yake: "Wewe pika, mambo yetu tutayajua wenyewe." Uliyasikia kama mtu anayedaiwa, na ukayaelewa kuwa kazi itakatwa kwenye deni. Je, mama mwenye harusi, akiwa na wageni 300 kichwani, huenda aliyasema kwa maana nyingine? Kwetu Pwani wifi kupika kwenye harusi ya binti wa nyumbani ni jambo linaloweza kuhesabiwa kuwa ni mkono wako wa harusi, na mtu asione haja ya kulitaja tena. Sisemi kwamba ndivyo alivyokusudia. Nasema kuwa inawezekana nyote wawili mnasema kweli, na kila mmoja akamwona mwenzake ni mwongo. Ukiingia kortini au kwenye kikao ukijua hivyo, sauti yako itakuwa tofauti.

Ujumbe wako wa WhatsApp wa kukubali 205,000 bila shaka atauleta, maana ndio ushahidi wake mzito, hasa kwa kuwa uliuandika baada ya karamu. Usiufute, wala usikane kuuandika. Unaweza kueleza kuwa mavyaa alikuwa amelazwa, nawe ukaandika kwa kutuliza mambo, na maelezo hayo yanaweza kuaminiwa au yasiaminiwe. Mahakama hii haibanwi sana na kanuni kali za ushahidi, na mwamuzi husikiliza watu wa kawaida wakijieleza bila mawakili, kwa Kiswahili ukitaka. Lakini kumbuka pia kuwa rufaa kutoka hapo huenda Mahakama Kuu kwa masuala ya kisheria tu. Iwapo mwamuzi hataamini kuwa karamu ilikuwa malipo, hutapata nafasi ya pili ya kulisimulia jambo hilo upya. Hiyo ndiyo hatari ya kupigania kila shilingi.

Ukitazama hivyo, majibu yako yanaweza kuchukua sura zaidi ya moja. Unaweza kukubali sehemu unayoiona ni ya haki na kuomba uilipe kwa awamu, ukitaja kiasi unachokimudu kweli hata mwezi ambao shughuli hazipo, kama ule wa Ramadhani. Unaweza kuomba thamani ya kazi yako ikatwe kwenye deni, jambo ambalo sheria ya mahakama hiyo inaliruhusu, ukijua kuwa itabidi ulithibitishe. Au unaweza kukutana naye katikati: aihesabu karamu kwa nusu, nawe usahau fungu jingine. Njia hii ya mwisho haihitaji ushahidi mwingi, ila inahitaji mtu wa kuanzisha mazungumzo, na sina hakika kama leo ni wewe, ni mume wako, au ni mtu wa nje kabisa.

Kuhusu mikopo ya simu, nakusihi uitafakari sana kabla ya kubonyeza. Deni la wifi halina faida. Ukilihamishia kwenye mikopo ya muda mfupi yenye ada, utalipa zaidi kwa watu wasiokujua, na bado moyoni utabaki na kinyongo cha karamu. Huenda ikafaa kwa kiasi kidogo cha kuonyesha nia njema, lakini kwa 205,000 sioni unafuu.

Na Shimo la Tewa? Kudaiwa si jinai. Kifungo cha madai kipo katika sheria ya Kenya, lakini huja baada ya hukumu, baada ya mdaiwa kuitwa ajieleze, na hulengwa kwa mwenye uwezo anayekataa kulipa. Dalali naye kwa kawaida haji kabla ya hukumu, na hata baada yake sheria inakinga vyombo vya kupikia vya nyumbani, vitanda, na vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa kazi yake. Huenda kukawa na ubishi kama friza na masufuria ya shughuli yamo humo, kwa hiyo usiitegemee sana kinga hiyo. Itoshe tu kukurudishia usingizi.

Kwa vitendo, toa taarifa yako ya M-Pesa tangu mwanzo wa mwaka 2024, uipigie mstari kila malipo yaliyokwenda kwa wifi. Chapisha mazungumzo yenu ya WhatsApp yote, pamoja na yale yanayokuumiza, kwa sababu kipande kilichokatwa humfanya mwamuzi ajiulize kilichofichwa. Waulize vijana waliokusaidia kupika kama kuna aliyesikia lolote kuhusu malipo. Kisha nenda masjala na kitambulisho chako na samansi hiyo, uombe kuonyeshwa fomu ya majibu. Na kama kujaza kwenye mtandao kunakutatiza, saiba zilizo karibu na mahakama huifanya kazi hiyo kila siku. Ukiweza kumwona wakili au kituo cha msaada wa kisheria kwa ushauri wa saa moja, hasa kuhusu hiyo karamu, itakufaa, kwani mimi nimesikia upande mmoja tu.

Jambo la mwisho ambalo watu wengi hulisahau: hata mkipatana nyumbani kesho, mkakumbatiana na kulia, kesi haifutiki mpaka wifi aiondoe au mahakama iyapokee makubaliano yenu. Samansi ikiwa na tarehe ya kufika, fika, au ingia kwa kiungo cha mtandao ikiwa ndivyo mlivyoelekezwa, na umwombe naye afike.